Orodha ya vitu 84,000 haitoshi: Congo isimamie yenyewe majina yake

Mwezi Desemba 1884, rugaruga waliotumwa na Mbelgiji Émile Storms walishambulia kijiji cha sultani Lusinga, katika nchi ya Watabwa, magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Lusinga aliuawa na kukatwa kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, pamoja na sanamu ya mbao iliyokuwa mali ya ukoo wake. Sanamu ilikaa miaka mingi nyumbani kwa Storms mjini Brussels, hadi mjane wake alipoitoa kwa makumbusho ya Tervuren katika miaka ya 1930. Fuvu nalo lilipitia Tervuren, kisha mwaka 1964 likahamishiwa Taasisi ya Sayansi Asilia ya Brussels.

Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyoingia katika madaftari mawili ya taasisi mbili. Katika daftari la kwanza, sanamu ni kazi ya sanaa ya kabila fulani, iliyotolewa na familia fulani. Katika daftari la pili, fuvu ni mfupa wa kupimwa na wanasayansi. Namba ni tofauti na maneno ni tofauti. Mtu wa Moba akitaka kujua leo ni nini kilichochukuliwa siku ile, inambidi abishe hodi kwenye milango miwili, na kila mlango unamtaka ajue kwanza neno ambalo karani wa pale aliliandika.

Hili ni jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha tangu tarehe 17 Februari 2022. Siku hiyo, Waziri Mkuu wa Ubelgiji Alexander De Croo alimkabidhi mwenzake wa Congo, Jean-Michel Sama Lukonde, orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vya Congo vilivyohifadhiwa Tervuren. Orodha hiyo ni hatua kubwa na hakuna sababu ya kuidharau. Lakini orodha ni maneno. Maneno hayo yaliandikwa na watu wengi, katika lugha mbalimbali, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, na wachache sana kati yao walikuwa Wakongomani. Kabla ya kubishana ni vitu vingapi virudi, Congo inapaswa kuuliza vitu hivyo vinaitwaje, na nani mwenye haki ya kusahihisha jina lililokosewa.

Jina moja, tahajia nyingi

Kila Mkongomani aliyewahi kutafuta paspoti anaijua taabu hii. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, diploma inasema vile, na kadi ya mpigakura imeongeza herufi moja. Mtu ni yuleyule, lakini mbele ya karani wa dirishani amekuwa watu watatu. Anaambiwa aende akalete karatasi ya mahakama. Vitu vya mababu viko katika hali hiyohiyo, ila vyenyewe haviwezi kusimama dirishani na kujieleza.

Mfano ni Wachokwe, wanaoishi Congo, Angola na Zambia. Katika vitabu na fishi za makumbusho, yaani zile karatasi ngumu zinazoeleza kila kitu kimoja kimoja, wameandikwa Chokwe, Tshokwe, Cokwe, Kioko na Badjok. Wareno upande wa Angola waliandika Quioco. Wote hao ni watu wamoja. Kila mwandishi alisikia sauti ileile, akaiandika kama alivyofundishwa shuleni kwao: Mfaransa huweka "ou" pale Kiswahili kinapoweka "u", na Mholanzi huweka "oe".

Kisha kuna viambishi. Luba, Baluba na Waluba ni neno moja kwa msikilizaji wa Lubumbashi, lakini ni maneno matatu kwa mashine. Wakuba wanaandikwa Kuba, Bakuba, na pengine Bushongo, jina alilolitumia Emil Torday, aliyekusanya vitu kwa ajili ya British Museum kati ya 1907 na 1909. Hata kinyago cha Wasuku ambacho Mfalme Philippe alikileta Kinshasa mwezi Juni 2022, kwa mkopo usio na muda, kinaandikwa pengine Kakuungu na pengine Kakungu. Herufi moja ikikosekana, mtu anayetafuta kwa simu yake anaambiwa kwamba kinyago hakipo.

Majina ya mahali yana shida kubwa zaidi. Fishi ya mwaka 1935 inasema Elisabethville, Albertville, Stanleyville au Costermansville. Kijana wa leo anajua Lubumbashi, Kalemie, Kisangani na Bukavu. Jimbo la Katanga liliitwa Shaba kuanzia 1971, likarudishiwa jina la Katanga mwaka 1997, kisha mwaka 2015 likagawanywa kuwa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Nchi yenyewe imekuwa Dola Huru la Congo, Congo ya Wabelgiji, Zaire, na sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Hata ile alama ya herufi mbili ambayo kompyuta za dunia hutumia kutaja nchi ilibadilika, kutoka ZR hadi CD. Fishi iliyoandikwa "Zaire, Shaba" haina kosa. Inasema ukweli wa siku ilipoandikwa. Tatizo linaanza pale inapowekwa ndani ya hifadhidata moja na fishi nyingine iliyoandikwa "Congo belge, Katanga", na mtu anayetafuta "Tanganyika" asipate hata moja.

Na akipata, huenda akapata kisicho chake. Tanganyika ni ziwa, ni jimbo la Congo tangu 2015, na ni jina la zamani la Tanzania bara. Storms mwenyewe alikuwa na vituo pande zote mbili za ziwa: Karema upande wa Tanzania ya leo, na Mpala upande wa Congo. Fishi inayosema "Tanganyika, Storms" bila neno lingine haijaeleza kitu kilichukuliwa ng'ambo ipi.

Kosa lisilo la tahajia

Kama tatizo lingekuwa tahajia tu, mwalimu mmoja mwenye subira angeweza kulimaliza. Lakini kuna mahali ambapo fishi mbili zinapingana kwa sababu mmoja wa waandishi alikosea, au kwa sababu elimu ilibadilika kati ya fishi moja na nyingine.

Kwa muda mrefu sanamu za mababu za Wahemba, watu wa upande wa Kongolo, ziliwekwa katika fungu la Waluba. Utafiti wa François Neyt, uliochapishwa mwaka 1977, ndio ulioonyesha wazi kwamba sanaa ya Wahemba inapaswa kuhesabiwa peke yake. Makumbusho mengine yalibadilisha fishi zao baada ya hapo. Mengine yaliunganisha maneno yote mawili kwa kistari. Mengine yaliacha kama ilivyokuwa. Hivyo sanamu mbili zilizotoka kijiji kimoja zinaweza leo kuwa za makabila mawili, kwa sababu moja iko katika mji ambao karani alisoma kitabu cha Neyt na nyingine iko katika mji ambao hakukisoma.

Mfano mwingine ni wa mchongaji anayejulikana duniani kama Bwana wa Buli. Mtaalamu Mbelgiji Frans Olbrechts alitambua kwamba viti na sanamu kadhaa zilizotawanyika katika makumbusho mbalimbali, zenye nyuso ndefu za huzuni, zilitoka kwa mkono mmoja au karakana moja. Kazi hizo ziko Tervuren, Berlin, London na New York. Fishi za vitu viwili zilitaja kijiji cha Buli, ndiyo maana mchongaji akapewa jina hilo. Baadaye jina la Ngongo ya Chintu lilitajwa kuwa huenda ndilo lake. Leo ukizunguka makumbusho hayo utamkuta akiwa Mluba, Mhemba, au vyote viwili, akiwa na jina lake, bila jina lake, au akiwa na neno "huenda". Huyu ni mmoja wa wasanii wakubwa wa Congo wa karne ya 19, na nchi yake haina mahali rasmi ambapo mtoto wa shule anaweza kusoma kazi zake zote chini ya jina moja.

Jambo la kuzingatia hapo ni hili: aliyewezesha kazi hizo zikutanishwe ni karani aliyejisumbua kuandika jina la kijiji. Fishi ambayo ingeandika "Congo" peke yake isingesaidia kitu.

Tarehe nazo zinadanganya. Mwaka ulioandikwa kwenye fishi unaweza kuwa mwaka kitu kilipotengenezwa, mwaka kilipochukuliwa, au mwaka kilipofika makumbusho. Herbert Lang na James Chapin walikusanya vitu kaskazini-mashariki mwa Congo kati ya 1909 na 1915 kwa ajili ya makumbusho ya New York. Kwa Wamarekani, tarehe 3/5/1912 ni siku ya tano ya mwezi Machi. Mjini Brussels tarehe hiyohiyo ni siku ya tatu ya mwezi Mei. Anayefuatilia safari ya kutoka kijiji hadi kijiji ili ajue kitu kilitoka wapi hasa, anaweza kupotea kwa sababu ya tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi.

Zawadi ya nani?

Kisanduku kimoja cha fishi kina uzito kuliko vingine vyote. Ni kile kinachosema kitu kilipatikanaje.

Ukirudi kwa sanamu ya Lusinga, makumbusho ina haki ya kuandika kwamba iliipata kwa mkono wa familia ya Storms. Neno "zawadi" ni la kweli kwa miaka ya 1930. Halisemi lolote kuhusu Desemba 1884, wala kuhusu kichwa kilichokatwa siku hiyo. Fishi yenye kisanduku kimoja tu cha "upatikanaji" inamlazimisha karani achague, na kwa kawaida karani huchagua anachokiona katika daftari lake: nani alileta, lini, kwa bei gani au bure. Namna kitu kilivyomtoka mwenyewe haimo katika daftari hilo.

Hili si suala la wasomi peke yao. Tarehe 3 Julai 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vya enzi ya ukoloni. Sheria hiyo inahesabu kipindi cha ukoloni wa Congo kuanzia 1885 hadi 1960, na haihusu mabaki ya binadamu. Msomaji na atazame tena tarehe hizo. Lusinga aliuawa Desemba 1884. Fishi inayotaja mwaka wa shambulio na fishi inayotaja mwaka wa zawadi zinaweza kuiweka sanamu ileile upande huu au ule wa mstari. Na fuvu, kwa kuwa limeandikwa katika daftari la taasisi nyingine kama mabaki ya mtu, linafuata njia nyingine kabisa. Familia moja ikidai haki yake leo itajikuta na kesi mbili kwa sababu ya msiba mmoja.

Wanasheria watasema kwamba sheria inaweza kurekebishwa, na ni kweli. Lakini hata sheria nzuri itasoma kilichoandikwa katika fishi. Kama fishi ya Tervuren na fishi ya Brussels hazijulishani kwamba zinamzungumzia mtu mmoja, hakuna jaji atakayejua.

Kuna pia upande wa wizi. Kati ya 1976 na 1982, Tervuren ilihamishia Kinshasa vitu 114 kwa Taasisi ya Makumbusho ya Taifa, ambayo Mobutu aliiunda mwaka 1970. Katika fujo za miaka ya 1990 vitu vingi viliibwa katika hazina za taasisi hiyo, na vingine vilionekana baadaye katika soko la sanaa la Ulaya. Kitu kikihama kutoka nchi moja hadi nyingine hupewa namba mpya. Kama namba ya zamani na namba mpya hazikuandikwa pamoja, mwizi ana nafasi nzuri: polisi wanatafuta namba moja, na muuzaji anaonyesha kitu ambacho namba hiyo imefutwa. Kulinganisha fishi ni kama kufunga mlango kabla mwizi hajapita.

Kompyuta haijui ni Luba yupi

Wapo wanaosema kwamba kazi hii itafanywa na kompyuta. Kuna programu zinazosoma maelfu ya fishi kwa dakika chache, zikakusanya maneno yanayofanana na kupendekeza kwamba haya ni kitu kimoja. Programu hizo ni msaada mkubwa, na ingekuwa ujinga kuzikataa. Tshokwe na Cokwe zitawekwa pamoja bila taabu.

Lakini mashine hukusanya kwa kufanana, na katika Congo si kila kinachofanana ni kimoja. Katika Kijerumani jina la nchi huandikwa "Kongo". Katika kisanduku cha kabila, "Kongo" ni Wakongo wa magharibi. Programu isiyoangaliwa inaweza kuchukua kisu cha Haut-Uélé kilichoandikwa "Kongo" na karani wa Berlin ikakipa Wakongo wa Mbanza-Ngungu. Lulua ni mto na ni watu. Lualaba ni mto na ni jimbo. Na "Luba" ni Luba yupi, wa Kasai au wa Katanga? Msomaji wa Lubumbashi au Likasi aliyekumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati familia za Wakasai zilipofukuzwa Katanga na kulala katika stesheni za treni, anajua kwamba swali hilo si la vitabuni tu.

Kwa hiyo mashine ipendekeze, na mtu aamue. Na mtu huyo awe anajua mahali panapozungumzwa.

Woga wenye sababu

Hapo ndipo penye pingamizi zito kuliko lile la fedha. Mashariki mwa Congo, swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni limemwaga damu. Je, ni busara kuweka mbele ya watu hifadhidata kubwa inayosema kwamba mwaka 1910 kabila fulani lilikuwa mahali fulani? Si watu watachukua fishi ya makumbusho na kwenda nayo kwenye kesi ya shamba?

Woga huo haupaswi kuchekwa. Lakini jibu lake si kuficha fishi, kwa sababu zipo tayari, zinasomwa Ulaya, na mtu mwenye nia mbaya ataipata ile inayomfaa. Jibu ni kuonyesha kila fishi pamoja na udhaifu wake: nani aliiandika, lini, alikuwa na kazi gani, alifika kijijini au aliambiwa na mtu mwingine. Afisa wa kikoloni aliyepita siku mbili na kununua kiti sokoni hakufanya hesabu ya wakazi. Kiti kinaweza kutengenezwa na watu hawa, kikatumiwa na wale, kikauzwa kwa wengine. Hifadhidata yenye visanduku tofauti kwa mtengenezaji, mtumiaji, aliyekichukua na aliyekipokea inamnyima mchochezi silaha yake, kwa sababu inaonyesha kwamba kitu kimoja hakikuwahi kuwa cha kabila moja peke yake. Fishi yenye neno moja tu la kabila ndiyo hatari zaidi.

Kuna majina pia yaliyo matusi. Wazande waliandikwa Niam-Niam katika vitabu vya karne ya 19, jina walilopewa na wengine kwa kuwadharau. Jina hilo halipaswi kusimama juu ya picha ya kitu chao. Lakini likifutwa kabisa, mtafiti hatazipata fishi za zamani zilizoandikwa hivyo. Liwekwe chini, kama neno la zamani la kutafutia, na juu liandikwe jina ambalo watu wenyewe wanajiita.

Wengine wameshaanza

Congo haitakuwa ya kwanza. Mwaka 2022 ulizinduliwa mradi wa Digital Benin, unaokusanya pamoja taarifa za vitu vilivyoporwa na Waingereza katika ufalme wa Benin, Nigeria, mwaka 1897. Ulipozinduliwa ulikuwa na vitu 5,246 kutoka taasisi 131 za nchi 20. Kila taasisi ilikuwa na daftari lake na mazoea yake. Waliofanya kazi hiyo hawakuridhika na maneno ya Kiingereza na Kijerumani. Waliweka majina ya Kiedo, lugha ya watu waliovitengeneza vitu hivyo, na walikwenda kuwasikiliza wazee wa Benin City.

Karibu zaidi, Makumbusho ya Taifa ya Kenya ilishirikiana na wasanii na watafiti wa Nairobi na Ujerumani kutafuta vitu vya Kenya vilivyo nje. Waliandikia makumbusho moja baada ya nyingine, na walipata taarifa za vitu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Walichopata kilikuwa na kasoro zilezile: majina ya makabila yaliyokosewa na mahali pasipojulikana. Lakini hifadhidata hiyo sasa iko Nairobi, mikononi mwa Wakenya. Tofauti na Congo ni kubwa. Congo ilipokea orodha iliyotengenezwa na mwenye hazina. Kenya ilikwenda kutengeneza ya kwake.

Kazi ya nani?

Wakati huu wa vita na njaa, wapo watakaouliza kama fishi za makumbusho ni jambo la kupewa fedha. Ni swali la haki. Lakini kazi hii haihitaji jengo jipya. Jumba la Makumbusho ya Taifa mjini Kinshasa, lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini, lilifunguliwa tayari mwaka 2019. Makumbusho ya Lubumbashi ipo. Vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani vinatoa kila mwaka vijana waliosoma historia na lugha, na wengi wao hawana kazi. Kinachohitajika ni uamuzi.

Uamuzi wa kwanza ni kwamba orodha rasmi ya majina ya watu na mahali itatengenezwa Congo. Taasisi ya Jiografia ya Congo ina ramani, vyuo vikuu vina wataalamu wa lugha, na machifu na wazee wana kumbukumbu za vijiji vilivyohamishwa au kubadilishwa jina. Kila mahali papewe namba moja isiyobadilika, na chini yake majina yake yote pamoja na miaka ya kila jina. Makumbusho ya Ulaya na Marekani yatumie orodha hiyo, badala ya Congo kusubiri kujua Tervuren, London na New York zitakubaliana nini.

Uamuzi wa pili ni kutofuta kitu. Maneno ya karani wa zamani yabaki kama alivyoyaandika, hata yakiwa na kosa, na sahihisho liandikwe pembeni likiwa na jina la aliyesahihisha na tarehe. Mtu akibadilisha "Luba" kuwa "Hemba", msomaji aone vyote viwili na aone sababu. Na pale ambapo hakuna anayejua, iandikwe "haijulikani". Kisanduku kitupu kina heshima kuliko kisanduku kilichojazwa kwa kubahatisha.

Uamuzi wa tatu ni lugha. Fishi nyingi za vitu vya Congo ziko katika Kifaransa, Kiholanzi, Kiingereza au Kijerumani. Nchi ina lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiluba cha Kasai na Kiswahili. Hakuna anayedai kwamba vitu 84,000 vitafsiriwe kesho. Lakini jina la kitu, jina la watu na jina la mahali viandikwe angalau kwa namna ambayo mama wa Kalemie anaweza kuandika katika simu yake na kupata jibu.

Mwisho, ni vizuri serikali ikubali kwamba kuna fishi ambazo ni za ndani. Hazina za Kinshasa na Lubumbashi zina vitu vingi vilivyokusanywa vijijini na watafiti wa taasisi ya taifa tangu miaka ya 1970, na baadhi ya karatasi zake zinaliwa na mchwa na unyevu. Itakuwa aibu kuitaka Brussels isafishe daftari lake wakati la Congo limeachwa lioze. Nchi inayokwenda mezani na daftari lake mkononi husikilizwa tofauti na ile inayokwenda kupokea orodha.

Watabwa wa Moba hawahitaji kusubiri hayo yote yakamilike. Kitu kimoja kinaweza kufanyika mwezi huu, bila sheria na bila fedha nyingi: taasisi mbili za Ubelgiji ziandike, kila moja katika fishi yake, namba ya fishi ya mwenzake, pamoja na jina Lusinga na mwaka 1884. Serikali ya Kinshasa ina haki ya kuomba hivyo kwa barua ya ukurasa mmoja. Hapo ukoo wake utaweza kuuliza habari za mtu wao na za sanamu yao kwa swali moja.